Kutoka nyanjani hadi meza ya ushauri: mwongozo kwa mtafiti wa afya jijini Nairobi

Vijana wengi walio katika utafiti wa afya hapa Nairobi waliingia kwa mlango mmoja: mkataba wa miezi sita wa kukusanya data. Unapewa tableti, fulana, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na orodha ya nyumba za kutembelea Mukuru au Kibera. Mradi unaisha, unatafuta mwingine. Miaka inapita, wasifu-kazi unajaa majina ya miradi, lakini cheo hakisongi. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na pia wa muuguzi, daktari, mtaalamu wa maabara au mwanatakwimu anayetaka siku moja kuongoza utafiti wake mwenyewe na kuketi pale maamuzi ya afya yanapofanywa.

Tuelewane kwanza kazi yenyewe ni ipi. Mtafiti mkuu ndiye mwenye dhamana ya sayansi, ya fedha na ya watu, washiriki pamoja na wafanyakazi. Mshauri naye ni yule ambaye wizara, kaunti, hospitali au shirika humwita na kumuuliza, "Sasa tufanyeje?" Wengi huzihesabu kuwa kazi mbili. Mimi naziona ni njia moja. Nani atakuuliza ushauri wa maana ikiwa hujawahi kusimamia utafiti kuanzia wazo hadi ripoti? Na utafiti ambao matokeo yake hayamfikii mwenye kuamua umewapotezea muda watu waliotoa damu yao na saa zao.

Hatua ya 1: Chagua swali, kisha kaa nalo

Leo malaria, kesho lishe, keshokutwa afya ya akili, kutegemea nani anaajiri: mwanzoni huna budi, kodi ya nyumba haingoji. Lakini ukishapata uzoefu wa miaka miwili mitatu, anza kujiuliza ungependa watu wakukumbuke kwa jambo lipi.

Mtazame Profesa Miriam Were. Alianza akiwa mwalimu, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, akaendelea na afya ya umma Johns Hopkins kule Marekani. Swali alilolibeba ni jinsi wanajamii wenyewe wanavyoweza kushika hatamu za afya yao. Alikuwa nalo katika kazi yake ya vijijini magharibi mwa Kenya, akawa nalo bado alipokuwa mwenyekiti wa Baraza la Kitaifa la Kudhibiti UKIMWI. Mwaka 2008 alikuwa mmoja wa wawili wa kwanza kupewa Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi na serikali ya Japani. Leo mhudumu wa afya ya jamii anayebisha hodi mlangoni kwako anatembea katika njia ambayo watu kama yeye waliifyeka.

Au chukua utafiti wa chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ulioongozwa hapa nchini na Profesa Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, daktari wa magonjwa ya wanawake, pamoja na wenzake wa Marekani. Walifuatilia wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 katika Nairobi, Thika na Kisumu. Swali lilikuwa fupi: je, dozi moja inatosha? Baada ya miezi 18, dozi hiyo moja ilikuwa imezuia asilimia 97.5 ya maambukizi ya kudumu ya aina mbili hatari zaidi za kirusi hicho. Matokeo yalichapishwa 2022, na Desemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likasema dozi moja inaweza kutumika kwa wasichana na wanawake hadi miaka 20. Kwa nchi inayonunua chanjo kwa fedha za kubahatisha, tofauti ya dozi moja na mbili ni tofauti ya msichana mmoja kuchanjwa au wawili.

Kipimo changu cha swali zuri ni hiki: unaweza kumtaja kwa cheo ofisa ambaye angebadilisha jambo fulani akipata jibu lake? Kama huwezi, lichonge zaidi.

Hatua ya 2: Masomo, bila pupa

Shahada ya uzamili utaihitaji. Epidemiolojia na afya ya umma zina watu wengi; takwimu za afya na uchumi wa afya zina wachache, na ndio wanaotafutwa kila mradi unapoandikwa. Kwa aliye serikalini, mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani, FELTP, yaliyoanza nchini 2004, yanakuweka moja kwa moja kwenye milipuko halisi ya magonjwa. Kwa anayefundisha chuo kikuu na anataka uzamivu, angalia CARTA, mpango wa vyuo na vituo vya utafiti vya Afrika ulioanzishwa 2008 na kuongozwa kwa pamoja na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha hapa Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Uzamivu usiukimbilie kabla hujashuhudia utafiti mmoja mzima, tangu itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, hadi chapisho. Nimewaona wenye shahada tatu wasiojua fomu ya ridhaa hupitia mikono mingapi.

Hatua ya 3: Zijue karatasi kuliko mtu yeyote ofisini

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo miradi hukwama na ndipo kijana mwenye bidii huonekana. Ukiwa mratibu anayejua vibali vyote kwa kichwa, hakuna mtafiti mkuu atakayekubali uondoke.

Mlolongo ni huu. Itifaki ikikamilika inakwenda kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa: kuna ya pamoja ya Hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, kuna SERU ya KEMRI, kuna ya Amref, kuna ya Aga Khan, na nyinginezo. Kila moja ina kalenda yake ya mikutano, ada zake na fomu zake. Pata kalenda kabla ya kuandika ratiba ya mradi. Ukishapata idhini, unaomba leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013. Kama unajaribu dawa au chanjo, Bodi ya Dawa na Sumu lazima nayo itoe kibali, na jaribio lisajiliwe kwenye daftari la umma kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa. Kama sampuli zitatoka nje ya nchi, kuna makubaliano ya kuzihamisha. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za afya ni data nyeti: eleza zitahifadhiwa wapi, nani atazifungua, zitafutwa lini.

Halafu kaunti. Huduma za afya ziligatuliwa kwa katiba ya 2010, kwa hiyo barua ya wizara peke yake haikufungulii mlango wa zahanati. Nenda idara ya afya ya kaunti, ushuke hadi kaunti ndogo, umwone msimamizi wa kituo. Mwisho chifu, wazee wa mtaa na wahudumu wa afya ya jamii. Wageni huiona hii hatua ya mwisho kuwa adabu tu. La hasha. Chifu asipokujua, uvumi wa kwanza kwamba mnauza damu utaufunga mradi kwa wiki nzima.

Korogocho na Viwandani, APHRC ilianza kufuatilia kaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pumwani, wanawake wa Majengo wanaofanya biashara ya ngono wamekuwa wakishiriki utafiti wa HIV tangu miaka ya 1980, na ni kwao dunia ilijifunza kwamba baadhi ya watu walio katika hatari kila siku hawakuambukizwa. Watu wa mitaa hii wanajua utafiti. Mkusanya data akisoma fomu ya ridhaa kwa haraka, mama humkata kauli: "Wewe kijana, wale wa mwaka jana walituuliza hayo hayo. Walirudi kutuambia nini?" Ni swali la haki kabisa. Kwa hiyo tenga siku na fedha za baraza la kurudisha matokeo tangu siku unayoandika itifaki. Fomu nayo isome kwa sauti mbele ya mtu wa mtaa huo kabla ya kuipeleka kamatini. Pale anapokunja uso, andika upya.

Njia nzuri sana ya kujifunza haya yote ni kuomba nafasi katika kamati ya maadili. Kazi ni nyingi na malipo ni madogo, lakini utasoma itifaki za watu waliokutangulia na kuona zinakosea wapi.

Hatua ya 4: Shika kalamu ya bajeti

Watafiti wetu wengi huogopa bajeti na kumwachia mhasibu. Ndiyo maana wengi hubaki wasaidizi. Anayeandika bajeti ndiye anayeamua utafiti utakuwaje.

Fungua jedwali na upite mstari kwa mstari kama unauishi mradi. Mshiriki atatoka Dandora kwenda Hospitali ya Kenyatta: matatu hadi mjini, nyingine hadi hospitali, na kurudi, akiwa mjamzito mvua ikinyesha atahitaji pikipiki. Mhudumu wa afya ya jamii atakayewatafuta wasiofika anahitaji salio la simu na posho, naye hufanya kazi Jumamosi. Friji ya sampuli inahitaji jenereta, jenereta inahitaji mafuta. Ada ya kamati ya maadili hulipwa tena kila mwaka kibali kinapohuishwa. Jaribio la dawa linadai bima ya washiriki. Ukaguzi wa hesabu una gharama. Baraza la kurudisha matokeo linahitaji viti, hema na chai. Fedha zikija kwa dola na wewe unalipa kwa shilingi, kupanda kwa shilingi kunaweza kukumeza mwezi mzima wa mishahara. Kisha gharama za uendeshaji za taasisi, ile asilimia ambayo mfadhili hupenda kuipunguza: itetee, kwa maana ndiyo inayolipa taa, mtandao na huyo mhasibu.

Sasa kuhusu kumtegemea mfadhili mmoja. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 2025 shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mei mwaka huo huo taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, zilitangaza kusitisha utaratibu wa kupitisha ruzuku mpya kwa taasisi za nje kupitia vyuo vyao. Hapa Nairobi watu wenye ujuzi wa miaka mingi walipokea barua za kusimamishwa kazi siku moja na madereva wao. Waliosimama imara zaidi ni wale ambao taasisi zao zilikuwa na wafadhili kadhaa na vitabu vyao vya hesabu vyenye kuaminika. Kwa hiyo jifunze milango mingine: EDCTP ya Ulaya, Wellcome ya Uingereza, Science for Africa Foundation yenye makao yake hapa Nairobi, na Hazina ya Taifa ya Utafiti iliyoundwa kwa sheria ile ya 2013. Na popote unapoweza, omba taasisi yako iwe mpokeaji wa moja kwa moja, siyo mshirika wa mwisho kwenye mnyororo. Hapo ndipo uongozi wa kweli ulipo, na nchi yetu imechelewa mno kuudai.

Hatua ya 5: Watu

Kubalianeni kwa maandishi nani ataandika makala ipi na majina yatafuatana vipi, kabla data haijaingia. Ugomvi wa majina umevunja timu nyingi kuliko ukosefu wa fedha. Aliyefanya kazi ya kisayansi, awe mratibu au mwanatakwimu, apewe nafasi ya kuandika na jina lake lionekane.

Nenda nyanjani mwenyewe, bila taarifa, na ukae kwenye mahojiano mawili matatu. Utagundua swali la 14 linachukua dakika kumi kwa sababu limeandikwa vibaya. Tazama data kila wiki. Na mkataba wa mtu ukikaribia kwisha, mwambie mapema ukweli ulivyo. Kumficha ili afanye kazi hadi siku ya mwisho ni ukatili.

Hatua ya 6: Jifunze kushauri

Tuseme umepata nafasi ya kumwona mkurugenzi Afya House, Barabara ya Cathedral. Umeahidiwa nusu saa, anatoka mkutano mmoja kuingia mwingine, unabaki na dakika kumi. Ukianza na mbinu za utafiti umekwisha. Anza na jibu: "Mkurugenzi, tukifanya hivi, vifo hivi vitapungua, na hatuna hakika bado kama itafanya kazi kaunti za wafugaji." Atakachouliza mara moja ni itagharimu shilingi ngapi kwa kaunti moja, nani atafanya kazi hiyo, na nini kitaachwa ili hiki kifanyike. Uwe na majibu hayo kwenye karatasi ya kurasa mbili, siyo kumi. Kama hujui gharama, hapo ndipo unapomhitaji yule mwanauchumi wa afya.

Kalenda ya bajeti ya kaunti ijue kama kalenda ya dini yako. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ushauri mzuri unaofika Mei umechelewa mwaka mzima. Nimeona matokeo mazuri sana yakizinduliwa hotelini mwezi Juni, kwa picha na chakula, na hakuna shilingi iliyobadilisha njia yake.

Zipo pia kamati za kudumu. KENITAG hushauri wizara kuhusu chanjo. Majaribio ya dawa huwa na bodi huru za kufuatilia data na usalama, zenye uwezo wa kupendekeza jaribio lisimamishwe. Huombi nafasi hizi kwa barua ya kujisifu. Unajulikana kwa machapisho yako, kwa kuhudhuria vikao vya vikundi vya wataalamu wa wizara bila kulipwa, na kwa kusoma nyaraka kabla ya mkutano, jambo ambalo wachache hulifanya. Ukiteuliwa, tangaza maslahi yako siku ya kwanza: nani anakufadhili, nani umewahi kumfanyia kazi, nani ni ndugu yako.

Na ujue kusema "bado". Mwaka 1990 dawa ya Kemron ilitangazwa hapa Nairobi kwa shangwe, Rais akiwepo, kuwa tumaini la wagonjwa wa UKIMWI. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida iliyodaiwa. Fikiria wagonjwa na jamaa zao waliosafiri, waliokopa, waliongoja. Shinikizo la kutangaza mapema litakufikia na wewe, kutoka kwa mfadhili, mwanasiasa au mkuu wako mwenyewe. Mshauri ndiye mtu mwenye kazi ya kusema ushahidi unafika wapi na unakomea wapi, hata chumba kizima kikinuna.

Hatua ya 7: Ushauri wa kulipwa

Siku moja utapigiwa simu kuhusu kazi ya siku 20 za kutathmini mradi au kuandika mkakati wa kaunti. Omba hadidu za rejea kwa maandishi, uzisome ukiwa na penseli. Kazi ya siku 20 yenye kaunti sita, mahojiano 60 na ripoti tatu ni kazi ya siku 45. Sema hivyo kabla ya kutaja bei. Malipo yagawanywe kwa hatua: sehemu baada ya ripoti ya mwanzo, sehemu baada ya rasimu, iliyobaki baada ya ripoti ya mwisho. Weka muda wa mteja kutoa maoni, kwa mfano siku kumi za kazi, la sivyo rasimu italala kwenye meza ya mtu na malipo yako yalale nayo.

Uwe na PIN ya KRA na utoe ankara kupitia mfumo wa eTIMS, maana wateja wengi rasmi hawatalipa bila hiyo. Ada ya ushauri kwa mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla hujalipwa. Ihesabu kwenye bei yako na uhifadhi vyeti vya makato kwa ajili ya kujaza fomu ya kodi ya mwaka. Kama umeajiriwa, soma mkataba wako wa kazi. Taasisi nyingi zinataka ruhusa ya maandishi, na nyingine zinataka sehemu ya ada.

Mteja akikuambia kwenye simu ya kwanza matokeo anayoyatarajia, mshukuru na uikatae kazi hiyo, hata kama mwezi umekuwa mgumu. Kwa zile utakazokubali, omba kifungu kinachokuruhusu kuchapisha matokeo, hata kama ni baada ya miezi sita na kwa kumwonyesha mteja kwanza. Kiombe kabla ya kutia sahihi. Baada ya malipo ya kwanza kuingia benki, hakuna atakayekuongezea kifungu hicho.